Tulirekodi Ghalani, Njoro

Ghala lilikuwa bado linanuka ngano ya mwaka juzi.
Tulifagia, tukatundika mablanketi ya mkopo ukutani
kuua mwangwi, na panya wakahamia darini,
wakawa wasikilizaji wetu wa kwanza, wasiolipa.

Banjo ya Lusweti ilitoka ndani ya bale la mitumba,
sokoni Nakuru, kati ya makoti mazito
ya nchi yenye theluji. Haikuwa na uzi hata mmoja.
Muuzaji aliipima kwa jicho:
hii ni sufuria yenye mkono, nipe mia tano.
Lusweti akaiwamba upya kwa ngozi ya mbuzi
aliyechinjwa siku ya mahari ya dada yake.
Tangu hapo, mvua ikikaribia, banjo hujua kabla yetu:
inalegea, inanung'unika kama mkwe aliyekalishwa mbali na nyama.

Mimi ni wa besi.
Asubuhi nafundisha hesabu Kidato cha Pili,
jioni nasimama nyuma ya gogo refu kuliko mume wangu
nikihesabu tena: moja, tatu, moja, tatu.
Blugrasi ni mbio, na mimi ndiye barabara.

Siku ya kwanza tuligombana.
Litungu la Wabwile, lililotoka Kimilili limefungwa shukani,
halikukubali kuifuata mandolini.
Chelimo akawasha kidude chake cha kupimia sauti,
taa ikawaka nyekundu, nyekundu, nyekundu.
"Kaza," akasema. Wabwile akakaza.
Uzi ukakatika, ukamchapa shavuni.
Hakusema kitu. Akafunga mwingine,
akaurudisha palepale ulipozoea kukaa
kabla hajazaliwa yeye, wala sisi.
Miaka kumi na tisa, mtoto yule, na hana haraka!

Basi tukashuka sisi.
Fidla, mandolini, banjo, besi,
tukalegeza vigingi kidogo kidogo
kama watu wanaoteremka bonde la Menengai gizani,
hadi tukamkuta alipo.
Kidude kikazimwa, kikatiwa mfukoni.

Wimbo uliofuata ulikimbia wenyewe.
Tulikuwa tumeutunga kikantri hasa:
mama, taa dirishani, barua isiyofika.
Ubeti wa pili Wabwile akaingia na mapigo ya sherehe za kwao,
na naapa, yule mama wa dirishani
aliacha kulia, akafunga leso kiunoni.

Mtangazaji mmoja aliniuliza baadaye:
lakini huu ni muziki wa nani?
Nilifikiria ile ngozi ya mbuzi.
Nikamwambia, mahari bado tunalipa.

Baba yangu aliendesha kombaini za watu miaka thelathini.
Jumapili aliegemeza redio kwenye debe la maziwa
na kantri ikamjaa uso mzima.
Kiingereza chake hakikutosha kulia mahali panapofaa,
lakini alilia, mara nyingine katikati ya tangazo la sabuni.
Kwa ajili yake nilitaka albamu iishe vizuri:
wimbo wa polepole, fidla peke yake, kisha sote.

Tulikuwa tumebakiza mistari miwili
treni ikapiga honi.
Si honi ya nyimbo, ile ya mbali, yenye huzuni.
Honi ya Njoro, ya kufukuza ng'ombe relini,
nje kabisa ya sauti yetu, juu yake, kando yake.
Chelimo akafumba macho. Wamaitha hakuinua upinde.
Tukamaliza ndani ya kelele,
na usiku ule hakuna aliyekuwa na nguvu ya kurudia.

Nilimpelekea baba kwenye flashi.
Akasikiliza nyimbo zote kumi na moja, mkono shavuni,
bila neno juu ya banjo, wala litungu,
wala bintiye anayehesabu gizani.
Honi ilipolia aliketi wima.
"Hiyo," akasema, "ni ya mizigo, ya Kisumu.
Siku hiyo ilichelewa."
Akaniomba niirudishe nyuma.