Jumatatu Isiyo na Meli

Jumatatu ilikuwa siku ya meli.
Saa mbili asubuhi wangeshuka, kofia za ukili, kamera vifuani,
wangenusa ubani wangu kama mtu anusavyo maziwa
kujua kama yamechacha,
nami ningetaja bei mara tatu ya bei,
wao wangekata nusu,
tukaachana sote tumefurahi.

Leo gati la Matrah limebaki tupu.
Paka amelala yanapoegeshwa mabasi.
Damodar wa vitambaa anakunja shali alizokwisha kuzikunja.
"Wiki ya tano," anasema, bila kuniangalia.

Huko kwao, wanasema, watu wameapa kutokuja.
Wamesimama nje ya ofisi za safari na bango,
na katika bango mna kijana mwenye masikio makubwa.
Masikio yale ni ya marehemu baba yangu.
Ni Yarub wa dada yangu,
aliyeuliza kwa maandishi, mistari minne tu,
hoteli ya ufukweni imeyapata wapi
maji ya falaji ya kijiji.
Miezi saba. Zuwena hupeleka nguo safi getini,
akarudishiwa zilezile, mikunjo yake haijaguswa.

Juzi alikuja afisa mwenye kalamu ya dhahabu mfukoni.
Alitaka tupigwe picha tukicheka.
"Waonyesheni kwamba hapa ni shwari."
Nilicheka. Wallahi nilicheka, meno yote.
Ila mkononi nilishika mizani,
na visahani vya shaba vikawa vinagongana,
mpaka mpiga picha akasema: tena, bila kelele.

Sidanganyi. Njaa hii haikuanzia ikulu.
Ilianza kwa yule Mbangali mbeba mizigo,
ikaja kwa Damodar, ikaja kwangu.
Kodi ya duka haijui siasa.
Mwanangu ameuza gari.
Ile methali ya fahali na nyasi
sisi hatukuisoma shuleni; tunaijua kwa mgongo.

Lakini jana usiku Zuwena kapiga simu.
Wamezipokea nguo.
Hawakusema neno, wamezichukua tu, mpaka soksi,
na askari mmoja kauliza: sweta hamna?
Kule ndani baridi.

Sweta! Mwezi wa Machi, na jua hili.
Damodar kapanda ngazi, kafukua maboksi,
kateremka na moja ya kijivu, ina vumbi la miaka.
Nimeichukua kwa mkopo.

Bibi wa kofia ya ukili, uliyekuja mwaka juzi
ukanunua ubani robo kilo ukasahau chenji,
sijui kama nawe umo miongoni mwao.
Kama umo, usije.
Chenji yako ninayo, baisa mia tano, chini ya mizani.
Haitaoza.
Usije bado.