Kitako cha Gorogoro

Kitako cha gorogoro yangu kimebonyea.
Ndivyo nisemavyo nikiulizwa: kimebonyea,
kama jua linavyochwa, kama maziwa yanavyoganda,
jambo limejitendea lenyewe huko lilikokuwa
na mimi nilikuwa nimegeukia upande wa maharagwe.

Kiswahili kina huruma kwa watu kama mimi.
Sahani imevunjika. Pesa zimepotea. Maneno yametoka.
Hakuna aliyevunja, aliyepoteza, aliyesema.

Nyundo ilikuwa ya marehemu Okwemba, fundi wa viti.
Mapigo matatu usiku, redio ikiwa juu
ili watoto wasisikie.
Konzi moja ya mahindi kwa kila kipimo. Konzi moja tu!
Na soko la Luanda lina wanawake arobaini wauzao nafaka;
nendeni mkazipindue gorogoro zao zote
kabla hamjafika kwangu.
Na karo ya Otenyo je? Na kodi ya kibanda?

Jumapili hukaa benchi la tatu, kitambaa cheupe kichwani,
na saa ya kuungama ikifika napaza sauti kuliko wote:
tumekosa.
Naipenda hiyo *tu*.
Ni pana kama turubai la matanga,
tunaingia humo sote, mchungaji na mwizi wa kuku,
na mvua haijui imnyeshee nani.

Mama Ayuma alinunua kwangu miaka sita,
gorogoro moja kila wiki.
Aliinamia kipimo, akakisawazisha kwa kiganja
kama anayempapasa mtoto mwenye homa,
kisha akasema, "Mungu akuzidishie."
Nami nikajibu amina.

Alipofariki, mwezi wa nne, mvua zikianza,
walikuja kwangu kuazima kipimo
cha kupimia mahindi ya kulisha waombolezaji.
"Gorogoro thelathini," alisema Dorika, mjuzi wa hesabu za matanga,
hajawahi kukosea tangu nimjue.
Siku hiyo alikosea.
Ndugu wa Butere walifika wamelowa, wakala mboga tupu.
"Unga umepungua," wakasema jikoni.
"Umepungua," nikasema nami, nikisugua sufuria
iliyokwisha kung'aa.

Hesabu ilinijia bila kuiita, kama chafya:
wiki hamsini na mbili, mara sita.
Konzi mia tatu na kumi na mbili.
Na mifupa ile ya mashavu, niliyoiona kwenye jeneza,
nilikuwa nimeambiwa ni sukari.
Huenda ni sukari.

Usiku ule niliitoa tena nyundo,
nikapiga kutoka ndani, redio ikiwa kimya safari hii,
Otenyo akageuka kitandani, hakuuliza.
Asubuhi nikatazama: kitako kimenyooka.

Umesikia, Bwana?
Hata wema wangu nimeupa kitenzi kisicho na mwenyewe.
Nawe sarufi unaijua. Kule bustanini, miongoni mwa majani,
walikuwa wawili wamejificha
ukaita kwa umoja.

Leo amekuja mjukuu wake, Andayi, na ndoo isiyo na mpini.
Nimempimia. Akachungulia ndani, akacheka:
"Mama, leo imejaa kuliko siku zote."

Nikafungua mdomo.
*Ni* ikapanda hadi kwenye meno,
herufi mbili, nyepesi kuliko kapi,
nyuma yake kitenzi kizima kikisubiri kuvutwa.
Mteja mwingine akakohoa.

"Mahindi ya mwaka huu," nikamwambia, "yamenona."

Akajitwika ndoo. Akafika kwenye kibanda cha dagaa,
akageuka, kama aliyefundishwa:
"Mungu akuzidishie."

Sikujibu amina.