Lumbesa

Barua imeletwa na mhudumu wa ofisi, Bwana Mwasandube,
ameishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto,
akaniuliza habari za baridi kabla sijamuuliza za bahasha.
Juni. Uyole ina sakitu; majani ya viazi nyuma ya maabara
yameungua usiku kucha pasipo moto.

Nikasoma nikiwa nimesimama.
Miaka kumi na moja: mhadhiri, si mwandamizi.
Alama zimepungua mbili na nusu.
Mbili ningezisamehe.
Ile nusu: nani alikaa mezani akaipasua alama katikati,
na kwa kisu gani?

Mama yangu aliuza viazi Igoma.
Mizani niliijua kabla ya herufi.
Mnunuzi hafungi gunia likifika mdomoni;
hupanga viazi juu ya mdomo, hupanga tena,
husuka kamba mpaka gunia liote kichwa,
na kichwa kile, madebe mawili, matatu, hakina bei.
Gunia ni gunia, mama, walimwambia.
Naye alihesabu noti akitazama kichwa,
hatazami noti.

Sasa wanafunzi mia tatu na kumi na wawili
katika ukumbi wa viti mia na themanini;
waliobaki wako madirishani, daftari juu ya goti,
na kipaza sauti kimekufa tangu Pasaka.
Insha zao nimezisahihisha umeme umekatika,
wino mwekundu ukawa mweusi kwa mwanga wa simu.
Tusajigwe, aliyeandika "mmomonyoko" kwa namna nne
katika ukurasa mmoja,
leo ni bwana shamba kule Ileje,
hunipigia alfajiri kuniuliza juu ya chokaa.
Fomu haina mahali pa chokaa.

Daktari Ngailo, mkuu wa idara, mtu mwema, huniambia:
"Chapisha, dada. Kufundisha ni kama kupiga mswaki.
Lazima, lakini nani atakupa cheti?"
Nikacheka. Kweli, nilicheka.

Nami nimechapisha. Makala tatu.
Moja ilirudi na swali la msomaji wa mbali asiye na jina:
Igoma ni wapi, na kwa nini tujali?
Wiki mbili nilikaa na swali hilo.
Nikaongeza ramani. Nikaongeza mshale.
Lile la kujali nikalijibu kwa lugha safi, baridi,
nikiona aibu kidogo,
kama aliyemkana mtu wa kwao sokoni.

Ila nisijifanye malaika wa ubao.
Yapo maelezo ninayoyasoma tangu mwaka wangu wa kwanza,
karatasi zimekuwa njano, utani uleule, mahali palepale,
hata Anyosisye akaucheka kabla sijaufikia.
Na siku Tumpale aliponyoosha mkono,
"Mwalimu, udongo ndio unaochoka, au ni sisi?"
nilitazama saa.
Tutalijibu wiki ijayo, nikasema.
Wiki iliyofuata hakuwepo. Ada.
Yuko kwao Kandete, wenzake walisema, anachimba viazi.

Swali lake ninalo bado. Halina alama.
Wakati mwingine nikipanda ngazi za idara
nalihamisha bega.

Usiku huu nimetoa fomu mpya.
Kipengele cha saba: Ufundishaji. Eleza kwa kifupi.
Mistari miwili.
Naandika mistari miwili.
Kalamu haisimami; inapanda ukingoni,
inakata kona, inapita juu kabisa
penye nembo ya chuo, inashuka upande wa pili,
majina, chokaa, madirisha, Kandete,
nabana karatasi ya pili, ya tatu,
mpaka fomu inavimba.

Ngailo atasema hairuhusiwi.
Najua. Hata lumbesa hairuhusiwi,
sheria ipo, imebandikwa pale sokoni.

Natafuta kamba.