Maharage Juu ya Ramani

Mama hapandi basi.
Tangu sikio la kushoto limwasi,
kila kona ya mlima humzungusha kama pia,
na milima yetu, jamani, ni kona tupu.
"Nitafutie miji inayofikika kwa treni," akasema,
"mingine uifute."

Nikatandika ramani juu ya meza ya jikoni,
Plovdiv ikaangukia palipoungua na sufuria.
Naye akaleta bakuli la maharage meupe:
punje moja kwa kila mji wenye stesheni.

Mimi nataja, yeye anaweka.
Burgas? Ipo. Punje.
Varna? Ipo. Punje.
Sozopol? Naambaa ufukwe kwa kidole,
nakuta barabara, nakuta mnara wa taa,
reli siioni.
Smolyan? Mama akacheka.
"Huko hata wingu hupanda kwa miguu."

Ramani nayo ina hila zake, nikamwambia.
Kuna miji iliyoazima stesheni jina lake tu,
stesheni ikabaki mashambani, kilomita sita,
mji ukaendelea na shughuli zake mlimani.
Unashuka na begi lako,
unasoma jina kwenye ubao, ndilo,
unatafuta kanisa, unatafuta duka la mkate,
unakuta alizeti zimekupa kisogo.
Mji wa namna hiyo Mama aliupa nusu punje.
Aliikata kwa jino.

Nilidhani tunachagua.
Nilidhani ni matembezi ya kiangazi, popote
penye chemchemi ya maji moto na chumba cha bei nafuu.
Kumbe kidole chake kilikwisha kufika kusini,
kimetua juu ya Gotse Delchev,
kinangoja niutaje.

Sikuutaja.

"Na huku?"

Huku ndiko aliko Zdravka,
waliyetunga naye majani ya tumbaku uzini,
alfajiri, vidole vyeusi kwa utomvu,
misimu kumi na mmoja,
kabla Mama hajaolewa nyanda za chini.

Nikaishika reli nyembamba, ile ya mabehewa madogo,
kutoka Septemvri:
Velingrad, punje,
Yakoruda, punje,
Razlog, Bansko, punje na punje,
Dobrinishte.
Halafu karatasi.

Penye nia pana njia, ndiyo.
Hakuna aliyeahidi reli.

Nikapiga simu stesheni, nisije nikalaumiwa.
Karani alijibu huku anatafuna kitu:
"Inaishia Dobrinishte, kijana.
Iliishia hapo kabla sijazaliwa
na haijasogea hata hatua."
Mama akatikisa kichwa.
Kwetu kutikisa kichwa ni ndiyo,
ila hii ilikuwa ndiyo ya mtu
aliyejua jibu tangu analeta bakuli.

Akazoa Varna. Akazoa Burgas.
Alipofika nusunusu aliniomba simu,
akaibana kwenye sikio la kulia, lile tiifu,
na kwa kuwa hujisikia nusu tu, akapaza sauti
kana kwamba Zdravka yuko ng'ambo ya bonde.

"Reli inaishia wapi?" Zdravka naye akapaza.
Nilikuwa mlangoni, nikamsikia.
"Dobrinishte!"
"Basi mimi kona hazinitishi. Nitakuja hapo hapo inapokomea.
Na kigoda nitakibeba, usije ukanisimamisha
miaka arobaini na mitatu ya maneno."

Tunaondoka Jumanne.
Tutabadilisha treni Septemvri, kisha saa tano
za kupanda polepole kama mtu anayehesabu miti.
Mama ameshaniuliza mara tatu
upande upi wa behewa una kivuli.

Maharage yalilowekwa usiku ule ule, bila sherehe.
Kesho yake, kijikoni mwangu,
nikakutana na nusu punje.
Sikukumbuka ilikuwa mji gani.
Niliutafuna taratibu,
na alizeti zake, na kilomita zake sita.