Kuni za Kahe

Magogo kumi na tisa ya mgunga, nimeyapasua mwenyewe Kahe,
kwa ajili ya mbege ya mahari ya Ndeshukuru,
nikayafunga kwa kamba ya katani
nyuma ya pikapu ya kuazima, mafuta nusu tangi.

Njia Panda ya Himo, kizuizi.
Bibi shamba Aikande, buti za mvua, kitabu cha stakabadhi,
hakutaka leseni.
Aliuliza: "Kuni hizi zimelala wapi?"
kana kwamba ni binti aliyechelewa kurudi.

Nikasema zina kibali cha kijiji, mhuri huu hapa.
Akasema mdudu hajui kusoma mhuri.
Akagonga gogo kwa mpini wa panga,
mara mbili, kama abishaye hodi kwa mdeni,
na gogo likajibu
unga.
Unga laini kiganjani mwake,
na ndani ya unga kitu cheusi, kama punje ya ulezi,
kinatembea, wala hakina haraka.

Dumuzi. Nani wa rika langu asiyemjua?
Nilikuwa darasa la pili.
Tulimwita Skania, maana alikuja na mizigo.
Usiku tulimsikia darini, krr, krr, juu ya vichwa vyetu;
asubuhi Mama akapanda kushusha mahindi
akashusha magunzi na debe la vumbi.
Ndizi asubuhi, ndizi usiku, mpaka mvua za vuli.
Hatukuuliza aliingia kwa mlango gani.

"Sheria ni fupi," akasema Aikande.
"Kuni ziungue zilikokatwa."

Nikabisha. Nikamtaja shemeji aliye wilayani.
Nikaingiza mkono mfukoni; akautazama mkono ule
mpaka ukatoka mtupu.

Nikashusha, gogo kwa gogo.
Muuza makande wa pale kizuizini akayapokea mekoni,
yakalia, yakapasuka,
nami nikalipa elfu moja
kula chakula kilichoivishwa na kuni zangu.

Kilema nilifika na kamba.
Mama hakusema neno. Alichukua panga,
akaingia kihambani, akapogoa mgrivea,
matawi mabichi, moshi mtupu.
Mbege ikachelewa. Wazee wakapangusa macho
wakanilaumu mimi, wakauacha moshi.

Usiku nikalala chini ya dari ile ile,
nikatega sikio.
Mahindi hayakusema kitu.
Nikageuka upande wa pili,
nikasikiliza tena.