Ya Manjano

Ofisi ya kilimo, magharibi ya Nebraska.
Darlene Huckaby anageuza skrini nitazame:
ramani ya ukame, wiki ya tatu ya Julai.
Wilaya ya jirani imeiva, nyekundu tupu.
Yetu bado manjano.
"Ya manjano hailipwi, Orrin," ananiambia,
sauti yake ikiomba radhi kabla ya mdomo.

Nimekuja na picha: bwawa limekuwa vigae vya udongo,
malisho ya kusini hayana hata bua la kuchokolea meno.
Nina stakabadhi za majani makavu,
marobota mia mbili kwa bei ya kukata maini.
Anazipiga muhuri. Muhuri haushibishi.

Ng'ambo ya seng'enge ni kwa Lindqvist.
Vumbi lake na langu huvuka bila kuulizana.
Yeye kapata hundi Jumanne;
jana kaja na trela, kashusha marobota arobaini,
akasema tu, "Yananizibia njia."

Leo nimeuza mitamba kumi na mmoja.
Wa mwisho aligoma mlangoni mwa lori,
akageuza shingo kutazama kilima
kana kwamba pale
kuna kitu cha kula.