Kifuniko cha Kioo

Mashine kumi na mbili zilifika Biella na theluji ya Februari,
zimevikwa nailoni kama maharusi.
Mkurugenzi alitukusanya uani, akatusomea bei.
Bei tu.

Mimi ni mwandika mita.
Zamu ya asubuhi, ya jioni, ya usiku:
kila kitambaa hupitia kalamuni mwangu.
Machi tulifuma kidogo kuliko enzi za mitambo ya kale,
ile iliyokohoa mafuta na kumwaga kahawa zetu.
Aprili, pungufu tena.
Nikafuta, nikajumlisha upya.
Namba haina haya.

Fulvia ana miaka thelathini na mmoja katika sufu.
Uzi wa mtande ukitaka kukatika, yeye husikia kwanza,
kama mama amsikiavyo mtoto kabla hajalia.
Lakini kitufe chekundu kilikuwa chini ya kioo,
ufunguo wa kioo kwa fundi mkuu,
fundi mkuu ghorofani,
na ghorofani kuna kikao.
Basi alisimama, mikono nyuma,
akitazama suti za watu zikiharibika
kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona.

Usiku wa Mei tisa alivua kiatu, akavunja kioo.

Alipoitwa kujieleza hakujieleza.
Aliweka mezani vipande viwili vya kitambaa:
"Fumba macho, mkurugenzi. Shika."
Dole gumba likaenda, likarudi, likakwama.

Hakuna aliyeomba radhi. Ila wiki iliyofuata
vifuniko viling'olewa,
meza ya fundi mkuu ikateremshwa hadi katikati ya kelele,
na kila Ijumaa mashine huzimwa nusu saa:
Ibtissam, aliyekuja juzi kutoka Khouribga na diploma yake,
humfundisha Fulvia kusoma skrini,
naye Fulvia humfundisha Ibtissam
kufumba macho na kusikiliza.

Septemba mita zilipanda hadi nikayashuku macho yangu.
Wageni wakaletwa. Mkurugenzi akawaonyesha mashine,
akaipapasa moja ubavuni kama farasi.

Nami bado nina tatizo dogo la uandishi:
ile nusu saa ya Ijumaa, isiyo na mita hata moja,
fomu inaniamuru niiweke chini ya "Hasara".
Naiweka.
Kwa penseli.